Upepo wa Kijijini Unatabiriwa kwa Ajili ya Nani?

Hebu nianze na swali la kizushi: utabiri wa upepo nchini mwetu hutolewa kwa ajili ya nani?

Usijibu haraka. Sikiliza kwanza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Karibu kila mwenye televisheni anaijua ile lugha yao: upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2, pwani yote pamoja na Unguja na Pemba, watumiaji wa bahari wachukue tahadhari. Vizuri kabisa. Maneno hayo yanaokoa watu. Kisha ramani inahamia nyanda za juu kusini magharibi, yaani Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na majirani zao. Hapo unasikia habari za mawingu kiasi, vipindi vya jua, baridi ya asubuhi na manyunyu. Upepo ukitajwa, unatajwa kwa mkato kama mgeni aliyepita bila kukaribishwa chai.

Sasa fikiria watu watatu. Wa kwanza ni mkulima wa Mufindi mwenye ekari mbili za mipaini, akiba yake ya ada za watoto, na ni mwezi wa kumi. Majani yamekauka, na jirani yake anasafisha shamba kwa moto. Wa pili ni mama wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, amepakia vyungu kwenye mtumbwi avipeleke sokoni Matema. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye paa la darasa lake limepigiliwa bati kwa misumari iliyokuwepo, si ile iliyotakiwa. Hawa watatu wote wanahitaji habari ya upepo kuliko wewe na mimi tunavyoihitaji mjini. Lakini historia ya utabiri wa hali ya hewa katika nchi hii haikuanza na watu kama wao, na ndiyo maana nataka tuipitie kidogo.

Kabla ya vipimo kulikuwa na Lwembe. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na mahali patakatifu Lubaga, na mwenye jina la Lwembe ndiye aliyebeba mvua, rutuba na utulivu wa nchi nzima. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, ameeleza kwa kirefu jambo linalotisha kidogo: afya ya Lwembe na afya ya nchi vilihesabiwa kitu kimoja, kwa hiyo akiugua sana hakuachwa afe na ugonjwa wake. Wenye kazi hiyo walimmalizia. Wataalamu wetu wa leo wakikosea utabiri tunawatania tu. Wangejua wenzao walikotoka!

Usicheke sana lakini. Ukiondoa dini na hofu, unabaki na jambo la maana: watu walijua kuwa hali ya hewa ni suala la jamii nzima, na kwamba lazima awepo mtu wa kuulizwa.

Wazungu nao walipofika walipigwa na upepo kabla hawajaupima. David Livingstone alifika Ziwa Nyasa mwaka 1859, na safari yake ya mashua ya mwaka 1861 ilimpa msukosuko hadi akaona lastahili kuitwa ziwa la dhoruba. Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples wa misheni ya UMCA alizama humo humo baada ya mashua yake kupinduka katika dhoruba, na meli maarufu ya misheni iliyozinduliwa mwaka 1901 ikapewa jina lake.

Kwa nini ziwa hili ni kali hivyo? Jibu liko kwenye umbo lake. Ni ziwa refu, kama kilomita 580 kutoka kusini hadi kaskazini, jembamba, limelala ndani ya Bonde la Ufa kama maji kwenye mfereji. Upande wa Tanzania kuna ukuta wa milima ya Livingstone, na ng'ambo, upande wa Malawi, kuna nyanda za Nyika. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi unaingia mferejini, unabanwa na kuta hizo, na unakimbia kuelekea kaskazini ukisukuma maji mbele yake. Majirani zetu wa Malawi wanauita mwera. Mawimbi yanayoanza madogo huko kusini yanapata mamia ya kilomita ya kukua, na anayeyapokea mwishoni ni mtu wa Kyela na Matema.

Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilikuwa upande wa kaskazini wa ziwa, karibu na Chilumba, wakati mwera ulipokuwa umechachamaa. Ilizama. Watu 145 walikufa. Hiyo ni miaka 50 kabla ya MV Bukoba, na sijui ni Watanzania wangapi wa rika langu wamewahi kuisikia. Kumbuka mwaka huo: 1946. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa na umri wa miaka 17. Ilikuwepo. Swali ni ilikuwa inamtazama nani.

Tuitazame yenyewe basi. Ilianzishwa mwaka 1929, makao makuu Nairobi, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Albert Walter, mtaalamu aliyekuwa amefanya kazi Mauritius, kisiwa kinachojua vimbunga kama sisi tunavyojua foleni. Kabla yake Wajerumani na wamisionari walikuwa wakipima mvua na joto hapa na pale, lakini huduma ya kweli ya utabiri kwa eneo zima ni hiyo ya 1929. Na kilichoisukuma ikue ni ndege.

Hapa ndipo Mbeya inapoingia kwa kishindo. Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1927, wakati wa homa ya dhahabu ya Lupa, ukiwa kijiji tu cha watu waliokuja kubahatisha. Miaka mitano baadaye, Januari 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia yake ya London hadi Cape Town, na Mbeya ikawa kituo. Ndege ikitoka Nairobi iligusa Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill (leo Kabwe, Zambia) na kuendelea kusini. Yaani barua iliyoandikwa London ilitua Mbeya kabla haijaonekana lami ya maana kati ya Mbeya na Iringa!

Ndege za wakati ule zilikwenda kama kilomita 160 hadi 180 kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukikukabili usoni, unakula karibu theluthi ya mwendo wako, na mafuta yako hayajui kuwa umechelewa. Rubani anayevuka kutoka Dodoma kuja Mbeya, juu ya pori na milima, alihitaji kujua upepo wa juu unatoka wapi na una nguvu gani. Kwa hiyo mbinu ya kupima upepo kwa maputo ikashika kasi: unaliachia puto dogo lililojazwa gesi, unalifuata kwa darubini yenye kupima pembe, unaandika lilivyoyumba kila dakika, na kutokana na hapo unapata upepo wa kila tabaka la hewa. Kazi ya uvumilivu na shingo kuuma.

Umeona mantiki yake? Puto lile liliruka juu ya paa za nyasi za Wasafwa, lakini habari yake haikurudi chini kwao. Iliandikwa, ikatumwa kwa simu ya upepo (jina zuri hilo kwa habari hii) na kumsubiri rubani. Mtu wa kijijini alikuwa chini ya utabiri, si ndani yake. Halafu mwaka 1937 safari za barua zikahamia kwenye ndege za majini zilizofuata pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikarudi kuwa mji wa bara uliosahaulika kidogo.

Baada ya vita kuu ya pili idara ile iliendelea chini ya vyombo vya pamoja vya Afrika Mashariki, na hatimaye chini ya Jumuiya ya mwaka 1967, makao makuu yakiwa bado Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila mtu alichukua chake kama talaka nyingine yoyote. Tanzania ikaanzisha idara yake, ikageuka kuwa wakala wa serikali mwaka 1999, na sheria ya mwaka 2019 ikaifanya mamlaka kamili. Ndiyo TMA ya leo. Sikatai kuwa imepiga hatua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wetu, tahadhari zilitoka siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili na kwa ramani. Linganisha na kimbunga cha Aprili 1872 kilichoipiga Zanzibar, kikavunja majahazi na kung'oa minazi na mikarafuu bila mtu kuonywa. Tofauti ni kubwa mno. Ila angalia tena: meli, ndege, pwani. Bandari na kiwanja cha ndege ndio wateja wa zamani wa habari za upepo, na ukimwambia mteja wa zamani asubiri atakukumbusha nani alianza kulipa.

Haya, sasa niseme kwa nini upepo wa nyanda za juu ni mgumu kutabirika, maana si haki kuilaumu historia peke yake. Jiografia nayo ina kesi ya kujibu.

Ukichukua simu yako ukafungua programu ya hali ya hewa, ukaandika jina la kijiji fulani cha Mbeya Vijijini, itakupa jibu kwa ujasiri wote: upepo kilomita 14 kwa saa, kusini mashariki, saa 9 alasiri. Usidanganyike kuwa kuna mtu amesimama pale na kipimo. Modeli za kompyuta zinazotumika duniani huigawa dunia katika miraba. Ile ya kituo cha Ulaya ina miraba ya takriban kilomita 9 kila upande, na ile maarufu ya Marekani kama kilomita 13. Ndani ya mraba mmoja kuna wastani mmoja tu wa kimo cha ardhi. Sasa mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, na mlima Loleza ulio mgongoni mwake una mita 2,656, nawe unaweza kuupanda na kushuka asubuhi moja. Kompyuta inavichanganya vyote viwili, inatengeneza kilima cha kati ambacho hakipo, na inakupa upepo wa kilima hicho.

Wenyeji wa milimani wanajua jambo ambalo wastani huo unalipoteza. Mchana jua hupasha miteremko, hewa ikapanda kutoka bondeni kwenda juu. Usiku mteremko unapoa, hewa nzito ya baridi inateleza kurudi bondeni kama maji. Ndiyo maana mashamba ya viazi yaliyo mabondeni yanaweza kuungua kwa baridi Juni na Julai huku ya mlimani yakiwa salama. Na ndiyo maana moto wa shamba uliotulia alfajiri unaweza kukukimbia saa sita mchana bila upepo wa redioni kubadilika hata kidogo.

Mambo matatu mengine ya kujua ukisoma utabiri. Upepo huitwa kwa jina la unakotoka, si unakokwenda. Namba unayopewa ni wastani wa dakika kadhaa katika kimo cha mita 10, mahali pa wazi. Upepo wa ghafla unaopiga katikati ya wastani huo unaweza kuuzidi mbali, na huo ndio unaong'oa bati. Nguvu ya kusukuma hukua kwa kipeo cha pili: kasi ikiongezeka mara mbili, paa linasukumwa mara nne. Kwa faraja ndogo, hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 15 kwa sababu ya mwinuko, hivyo kilomita 60 za Mbeya zinasukuma pungufu kidogo. Mwalimu wetu atafurahi? Sidhani.

Tena upepo unaomvunjia mwalimu darasa si ule wa kusi. Huo unavuma kwa adabu, siku baada ya siku. Mharibifu ni yule wa Novemba, mvua zinapoanza. Wingu zito la radi linapoanza kumwaga mvua, hewa iliyopozwa inaporomoka kutoka juu, inagonga ardhi, inasambaa pande zote kwa kasi. Dakika kumi, imekwisha. Hakuna anayeweza kukwambia siku tatu kabla kwamba itaangukia kijiji chako na si cha jirani. Rada inaweza kuliona wingu hilo saa moja kabla. Saa moja inatosha kuwatoa watoto darasani, kama kuna mtu wa kupiga simu, na kama simu ina chaji.

Kuna mahali pamoja ambapo jiografia imetoa jibu la wazi mpaka wageni wakaliona: Makambako. Kati ya milima ya Udzungwa na ile ya Kipengere kuna nafasi ya chini na kavu, wanasayansi wa viumbe wanaijua kama pengo la Makambako, kwa sababu wanyama na mimea ya pande mbili hizo inatofautiana. Reli ya TAZARA ilipita hapo miaka ya 1970, na barabara za Mbeya, Iringa na Songea zinakutana hapo hapo. Upepo nao ulikuwa umeshaifahamu njia hiyo miaka mingi kabla ya wahandisi wa Kichina. Vipimo vya Wizara ya Nishati na TANESCO, vilivyochukuliwa wakati Makambako bado ni ya mkoa wa Iringa (mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012), vilitoa wastani wa mita 8.9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30. Hizo ni kama kilomita 32 kwa saa. Wastani, msomaji wangu, siyo kilele.

Nauliza tu: wananchi wa Makambako waliokuwa wakiishi katika upepo huo vizazi na vizazi, walipata lini grafu yake? Waliipata wakati ilipoonekana kuwa upepo unaweza kuuzwa. Mipango ya mitambo mikubwa ilitangazwa hapo na Singida, na kwa miaka mingi ikabaki mipango.

Kwa upande mwingine kuna habari njema ambayo haikuandikwa sana magazetini. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a na wenzake, Yanda na Ngana, walichapisha utafiti kuhusu elimu ya jadi ya kutabiri mvua katika wilaya za Rungwe na Kilolo. Waliwauliza wazee, kisha wakaandika kisayansi. Ilionekana kuwa watu hutazama kuchanua kwa mihemi na mikwe kati ya Julai na Novemba, pia tabia za ndege na wadudu. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, safari hii Mahenge na Ismani, ukiongozwa na Agnes Kijazi. Ismani ndiyo ile ile ya mahindi ya matrekta, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kifo cha Dakta Klerruu Krismasi ya mwaka 1971, na tunasahau kuwa ni tambarare kavu iliyofyekwa miti yake kwa pupa.

Kwa nini nasema ni habari njema? Kwa sababu hao hawakuwa wapita njia. Dakta Kijazi aliiongoza TMA kwa miaka mingi, na Dakta Chang'a akaja kuiongoza pia, na mwaka 2023 akachaguliwa kuwa makamu mwenyekiti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Yaani ofisi iliyozaliwa kwa ajili ya marubani imeongozwa na watu waliokaa chini na wazee wa Rungwe na Ismani kuwauliza wanatazama nini. Ila tafiti zile zilihusu mvua. Daftari la upepo, la wachoma mashamba wa Mufindi na wapiga makasia wa Ikombe, kwa kadiri ninavyoona, bado halijafunguliwa kwa uzito ule ule.

Nao wapo wenye elimu hiyo. Muulize mvuvi wa Matema atakwambia ukungu ukikaa vipi kwenye milima ya Livingstone asubuhi, mtumbwi unarudi kabla ya saa ngapi. Hatumii mita kwa sekunde. Anatumia mlima, rangi ya maji kwa mbali, na majina ya waliozama.

Niende Mufindi kidogo. Kule kuna kampuni ya umeme, Mwenga, iliyoanza mwaka 2012 na mtambo wa maji wa megawati 4 na kusambaza nyaya kwenye vijiji vya karibu. Tatizo likawa lile linalojulikana: mwezi wa tisa na wa kumi mto unapungua na umeme unapungua nao. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo upepo wa Mufindi unavuma kwa nguvu, ule ule unaotishia mipaini ya mkulima wetu. Mwaka 2020 wakasimamisha mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, na huo ukawa mradi wa kwanza nchini wa kuzalisha umeme wa upepo na kuuingiza kwenye nyaya za vijiji. Kwa mtambo wa namna hiyo kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nane, kwa hiyo mwendeshaji wake lazima aujue upepo wa kesho saa kwa saa, katika kilima kile kile.

Maana yake ni kwamba kuna utabiri wa upepo wa kijiji kimoja cha Mufindi, unaohitajika na kutazamwa kila siku. Kutoka chumba kinachotazamwa utabiri huo hadi kwa mwenye ekari mbili za mipaini ni mwendo wa pikipiki, na hata ujumbe mfupi wa simu ungetosha: leo mchana usiwashe moto.